Korosho Mbili Kichwani mwa Kinyozi

Habari hii nimeipata kwa mkamwana wa kinyozi mwenyewe, Jumapili iliyopita mchana, alipokuja kunitungia uzi kwenye sindano, maana macho yangu na tundu la sindano siku hizi hayasalimiani. Uzi ukaingia, sindano ikawekwa chini, naye akaanza: "Bibi, wiki hii nimemfunga baba mkwe wangu kichwa." Nikamwambia akae kwanza, hiyo si habari ya kusimuliwa mtu amesimama. Akakaa, akasimulia, nami naiandika kama ilivyotoka.

Baba mkwe wake ndiye huyo kinyozi. Duka lake lina mlango mmoja, kiti kimoja cha kuzunguka, na kioo kimoja kikubwa kilichomeza ukuta mzima. Wanaume wa mtaa ule karibu wote wameota ndevu na kuota mvi mbele ya kioo hicho. Na kila aliyekaa kwenye kile kiti, awe bosi awe mbeba mizigo, aliambiwa maneno yale yale: "Kichwa ukishakileta hapa si chako, ni changu mpaka nimalize. Ukitikisika, sikio usinidai."

Basi, mikono ya mwenye maneno hayo ikaanza kutikisika yenyewe.

Mwanzo ilikuwa kidogo tu. Akishika mkasi, ncha inachezacheza kama inanusa. Akaubana mkono kwenye mbavu, kazi ikaenda. Halafu brashi ya sabuni ikaanza kumpaka mteja mpaka puani. Halafu siku moja akaja kijana anayekwenda kujitambulisha kwa wakwe, anataka masharubu yapunguzwe kidogo. Wembe ukaruka, nusu ya masharubu ikaenda na maji. Kinyozi akaomba radhi, akaondoa na nusu ya pili ili mambo yalingane. Kijana akaingia ukweni uso mtupu kama sahani, mchumba wake akamuuliza, "Kaka yako mbona hakuja?"

Mtaa ukacheka, na kinyozi naye akacheka. Lakini tangu siku ile wembe aliuweka kwenye droo, na akawa anafungua duka saa ambazo anajua wateja hawaji.

Aliyethubutu kumwambia wazi ni Mzee Kipara, rafiki yake wa tangu utoto. Huyu hana hata unywele mmoja, kichwa chake kinang'aa kuliko kioo, lakini kila siku huja kukaa kwenye kiti kama mteja kwa sababu ya mazungumzo. Akamwambia, "Bwana wee, siku hizi unanyoa au unapiga ngoma? Nenda kwa daktari. Hata kinyozi hajinyoi."

Akaenda zahanati. Daktari wa pale akamwambia aweke mikono magotini, atulie. Akatulia. Lakini kidole gumba hakikutulia: kilikuwa kinasugua ncha za vidole vingine, polepole, kama mtu anayeviringisha kidonge. Daktari akamwambia atembee. Akatembea kwa uzito, maana ana goti bovu. Daktari akatikisa kichwa, akasema ni Pakinsoni, ule ugonjwa ambao sehemu ya ubongo inayolainisha mwendo hufa kidogo kidogo, mwili ukawa mzito, ukakakamaa, na mikono ikatetemeka hata ikiwa imepumzika. Akampa vidonge.

Vidonge vikamtia kichefuchefu, na mikono ikaendelea na ngoma yake. Kinyozi akanyamaza. Mtu aliyekuwa akiongea kuanzia mlango ukifunguliwa hadi ukifungwa, sasa ukimuuliza jambo anakujibu "mh." Jioni moja akamwita mwanawe, mume wa mkamwana, ambaye ni fundi umeme, akamwambia, "Kioo kishuke. Duka bila mkono ni banda." Mwuza simu wa jirani, aliyelitaka duka, alikuwa ameshakuja na futi yake kupima ukuta.

Sasa huyu mkamwana kazi yake ni kupiga picha za ndani ya mwili katika hospitali kubwa. Watu wenye mitetemeko ameona wengi. Na mezani, akimpelekea baba mkwe chai, aliona jambo: mikono ikiwa magotini, haitetemeki, ila kile kidole gumba tu kinasugua. Kikombe kikishikwa, hapo ndipo balaa linapoanza. Chai inamwagika kabla ya kufika mdomoni, kama kikombe kimekasirika. Wenye Pakinsoni wengi huwa kinyume chake.

Na kile kidole! Alikumbuka siku ya harusi yake. Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni anapokea wageni, mikono imara kama nondo, na kidole gumba kinasugua vidole vile vile. Vinyozi wote hufanya hivyo. Ni kupangusa nywele zilizoganda vidoleni, na mkono ukishazoea, unapangusa hata zisizokuwepo.

Lakini atamwambiaje baba mkwe? Tangu aolewe, maneno yake kwa mzee yule ni "shikamoo baba," "karibu chakula baba," "usiku mwema baba." Akiongea naye anatazama ukingo wa mkeka. Akamwambia mumewe chumbani. Mume akasema, "Wewe mpiga picha. Daktari ameshasema."

"Nimesema mimi daktari? Nimesema nina macho."

Mama mkwe alikuwa anapita nje ya dirisha, na masikio ya mama mkwe, hata nikiwa mmoja wao, sitayatetea. Akaingia bila hodi. "Rudia ulilosema kuhusu kidole."

Mkamwana akarudia, ameinama.

"Na baba yake marehemu, je?" mama mkwe akasema, macho yamemtoka. "Mkwe wangu yule alitetemeka tangu nikiwa bibi harusi mpaka anazikwa mzee wa kongojo! Tulikuwa tunamjazia kikombe nusu. Hakukakamaa, hakulala kitandani, alilima mpaka mwisho. Hakuna aliyemwita mgonjwa. Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Niliona aibu, mama."

"Mficha uchi hazai! Kesho tunakwenda kwa daktari wako mkubwa."

Daktari wa mishipa ya fahamu akamkagua kinyozi kutoka utosini hadi kisiginoni. Akamchoresha duara, likatoka kama gurudumu lililopata ajali. Akamkunja kiwiko, akamgeuza, akamtembeza, akamsikiliza mama mkwe habari za kikombe nusu. Mwisho akaegemea kiti, akasema kweli yake: "Mzee, kuna watu wawili wanaoingia kwa mlango huu wakitetemeka, ukiwatazama utasema ni mapacha. Mmoja ana Pakinsoni. Mwingine ana mtetemo wa kurithi, unasumbua lakini hauui kitu ubongoni. Wewe una dalili za huku na huku. Goti linasema hivi, baba yako anasema vile, kidole chako ndicho kinatuvuruga. Tukupige picha ya ubongo. Si ile ya kawaida. Ile ya kawaida ni kama kupiga nyumba picha mchana. Hii ni kuitazama usiku, uone dirisha lipi lina taa."

Nyumbani wote wakamzunguka mkamwana awaeleze hizo taa. Kwa mara ya kwanza akazungumza mbele ya baba mkwe maneno zaidi ya kumi. Akasema mgonjwa huchomwa dawa kwenye mshipa, dawa hupanda ubongoni, ikashika mahali penye uzima tu, kisha kamera inazunguka kichwa kutafuta ilikoshika. "Kichwa kisicho na Pakinsoni kinaonyesha mfano wa korosho mbili zinazowaka, zimekaa ubavu kwa ubavu. Pakinsoni ikiingia hula mikia ya korosho. Zinabaki punje mbili za duara, kama kunde. Mtetemo wa kurithi hauli kitu, korosho unaziacha nzima."

Kinyozi akamgeukia mwanawe. "Sikiliza. Zikiwa kunde, kioo kinashuka, na mimi nashuka nacho. Zikiwa korosho, mwuza simu akapime ukuta wa kwao."

Mama mkwe akasema, "Mimi sili tena kunde nyumba hii mpaka tujue."

Siku ya picha ikafika, na mambo yakaanza kwa kuharibika. Mwenzake mkamwana, ambaye ndiye angempiga mzee picha, aliamka na homa. Mashine ile wanaoijua ni wao wawili tu. Mkuu wa idara akamwambia, "Ama umpige wewe, ama asubiri mwezi ujao." Mkamwana akatoka koridoni, akawatazama wakwe zake waliokaa kwenye benchi wamevaa nguo za sikukuu, akajua mwezi ujao hautakuwepo. Mwezi ujao ukuta ule utakuwa na simu.

Muuguzi akamchoma mzee sindano, kisha ikabidi wasubiri dawa ipande. Kusubiri huko kulikuwa kwa saa kadhaa, na kinyozi, kwa wasiwasi, ulimi wake uliolala miezi ukaamka. Akaanza kukagua vichwa vya wagonjwa wenzake.

"Mtazame yule," akamnong'oneza mkewe. "Amenyolewa na adui yake."

"Nyamaza, atasikia."

"Asikie, akadai pesa zake. Na yule wa pembeni, hizo kona za uso zimepigwa na mtu aliyefumba jicho moja. Duka langu likifungwa, mama, watu wa mji huu watatembeaje?"

Alasiri wakamwita. Chumba chenyewe ni cha baridi, kitanda chembamba katikati, na kamera mbili kubwa kama milango ya friji zimesimama huku na huku. Mzee akalala. Mkamwana akaweka kichwa chake kwenye kishikio, akachukua mkanda wa kupita kwenye paji la uso. Kichwa cha baba mkwe! Kichwa ambacho hata kukitazama sawasawa hajawahi, leo akikaze kama mzigo wa kuni? Akaupitisha mkanda juujuu, kama anayemfunika mtoto shuka.

"Baba, naomba usitikise kichwa mpaka mwisho."

"Sawa, mama," akasema mzee, naye macho yake yapo darini kwa haya ile ile.

Mkamwana akatoka, akakaa nyuma ya kioo penye kompyuta na kipaza sauti. Kamera zikaanza kuzunguka, polepole, zikinguruma chini chini. Na kwa vile hakuweza kukaa kimya na mzee wa watu amelala peke yake kwenye baridi, kila baada ya muda anabonyeza kitufe: "Baba, uko salama?" Kidogo tena: "Baba, baridi haijakuzidi?" Tena: "Baba, tumebakiza nusu." Macho yake yalikuwa kwenye vipimo vya mashine, hakumtazama. Alijua amefuata mafunzo yote: mtulize mgonjwa, zungumza naye.

Kamera zikasimama. Kompyuta ikaanza kupika picha. Giza, kisha rangi ya bluu, kisha katikati ya giza vikawaka vitu viwili vya rangi ya chungwa.

Viduara. Viwili. Kunde.

Aligeuza uso, na pale kwenye dirisha dogo la mlango akakutana na macho ya mama mkwe, ambaye hakuna bango la "Usiingie" lililowahi kumzuia kuchungulia. Mama mkwe akatazama uso ule kwa kitambo, kisha akageuka, akaenda kukaa kwenye benchi, akajifunika kichwa kwa mtandio.

Daktari wa picha akaja kusoma. Ni mama mfupi mwenye miwani mbili, moja ya machoni na moja ya kichwani ambayo huisahau. Akatazama zile kunde. "Mh. Pole. Ni baba mkwe, eti?" Mkamwana akaitika bila sauti. Lakini daktari huyu ana kawaida yake, hasemi neno mpaka atazame vipande vyote ambavyo kamera imekusanya, kimoja kimoja, mfululizo, kama sinema. Akabonyeza. Kichwa cha mzee kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kikazunguka vizuri, kikazunguka, mara, tup, kikainama na kuinuka. Kikazunguka tena. Tup.

Daktari akasogeza pua kwenye skrini. "Huyu mgonjwa anakubali nini?"

"Unasemaje, daktari?"

"Tazama. Anaitikia! Hapa tena. Na hapa. Ulikuwa unamuuliza maswali?"

Mkamwana akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nilikuwa namuuliza kama yuko salama!"

"Na yeye anakujibu kwa kichwa kila mara, kama mwungwana. Kichwa kinachocheza hufuta mkia wa korosho, picha ikavurugika ikawa duara. Na huu mkanda vipi? Umemfunga mgonjwa au umemvisha shada?"

"Daktari, ni baba mkwe wangu."

"Basi hii picha haina maana, si nzuri si mbaya. Futa moyoni. Dawa bado imo kichwani kwake, lakini inafifia. Jua likizama tumeikosa, na kumchoma tena si jambo la kesho. Rudia sasa hivi."

"Tafadhali, mfunge wewe."

"Mimi nina mgonjwa mwingine anayenisubiri. Mkanda ni kazi yako, mwanangu. Ukwe uache hapo mlangoni, utaukuta ukitoka."

Mkamwana akaingia mbio. Mzee alikuwa ameshakaa anatafuta viatu.

"Baba, lala tena. Picha imeharibika. Ulikuwa unaitikia."

"Sasa mkwe wangu ananijulia hali, ninyamaze?" akasema kinyozi, amekasirika kidogo. "Nimelelewa porini mimi? Mtu akikuuliza uko salama, ukamkalia kimya, si ni kumtukana?"

"Lakini nilikuomba usitikise kichwa!"

"Uliomba. Ukaomba kwa adabu sana. Nami nikakujibu kwa adabu."

Wakatazamana. Nadhani ndiyo mara ya kwanza macho ya wale wawili kukutana kwa muda wa pumzi nzima. Nje jua lilikuwa limegusa kingo za madirisha. Na hapo, mkamwana hajui hata sasa yalitoka wapi, mgongo ukanyooka, kidole kikanyanyuka, na sauti yake ikapiga kuta za chumba kile:

"Baba! Kichwa ukishakileta hapa si chako, ni changu mpaka nimalize! Ukitikisika, sikio usinidai!"

Akili ikamrudia, akataka ardhi ipasuke. Amemkaripia baba mkwe. Na amemkaripia kwa maneno yake mwenyewe.

Kinyozi akamtazama, mdomo wazi. Kisha mabega yakaanza kutikisika, kicheko kikapanda kutoka tumboni, kikubwa, cha miezi yote aliyojibu "mh," mpaka machozi yakamtoka. Mama mkwe huko nje akasimama kwenye benchi, hajui kama mumewe analia au anacheka.

"Haya!" akasema mzee, akijifuta. "Haya, fundi. Leo nimekaa kwenye kiti cha mwenyewe. Kaza!"

Akalala. Mkamwana akamkaza mkanda wa paji la uso, akamkaza wa kidevu, akampachika mito huku na huku mpaka kichwa kikakaa kama yai kwenye trei. "Sitakuuliza kitu. Nikikuuliza, usinijibu. Hata nyumba ikiungua."

Mzee hakujibu. Hata kope.

"Bibi," aliniambia, "nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko uchungu wa mtoto." Alikaa juu ya mikono yake ili asibonyeze kitufe. Kamera zikawa zinakwenda, zinakwenda, na mwangaza wa dirishani unageuka rangi. Daktari wa picha akarudi, akasimama nyuma yake. Mkuu wa idara akaja kuulizia kwa nini chumba bado kinatumika, naye akaambiwa "shsh," akabaki hapo hapo. Muuguzi wa sindano akaja. Watu wazima wanne wameshika pumzi kwa ajili ya kichwa cha kinyozi.

Kamera zikasimama.

Daktari akaanza na sinema. Kichwa kikazunguka. Kikazunguka. Hakikucheza hata kwa upana wa unywele. "Huyu sasa ni sanamu," akasema. Kisha picha yenyewe ikaanza kupikika. Giza. Bluu. Chungwa likaanza kujikusanya upande mmoja, likajikusanya upande wa pili, likanenepa mbele, halafu polepole, kama paka anayenyoosha mkia, likaenda nyuma, likajipinda.

"Korosho!" mkamwana akapiga kelele.

"Ngoja, ngoja." Daktari akavuta miwani ya kichwani, akaipachika juu ya ile ya machoni. Akapima upande wa kulia, akapima wa kushoto. Akatabasamu. "Mikia yote miwili ipo, mizima. Korosho za kupeleka sokoni hizi. Kabisa."

Mkamwana hakusubiri la pili. Akatoka mbio, viatu vikimpiga kisigino, koridoni, mpaka benchini. "Mama! Korosho! Mbili! Na mikia yake!" Mama mkwe akapiga kigelegele kilichofanya mlinzi wa getini aje na rungu. Wakakumbatiana, wakarukaruka kama wasichana, wale wagonjwa walionyolewa vibaya wakapiga makofi bila kujua wanapongeza nini.

Kisha mama mkwe akasimama ghafla. "Na mwenyewe yuko wapi?"

Lahaula! Mwenyewe alikuwa bado amefungwa.

Wakarudi mbio. Kinyozi amelala vile vile, macho darini, hapumui kwa nguvu, vigelegele vyote amevisikia na hajageuza shingo. Mkamwana akafungua mikanda mikono ikitetemeka kuliko ya mzee. "Baba, nisamehe! Mbona hukuita?"

"Kichwa si changu," akasema kinyozi. "Mwenyewe alikuwa hajamaliza."

Daktari wa mishipa alikuwa bado yupo kliniki. Akatazama picha, akasoma maelezo, akamtazama mzee. "Si Pakinsoni. Ni urithi wa baba yako. Vile vidonge tutaviacha hatua kwa hatua, nitakuandikia vingine. Sikudanganyi, mtetemo hautaisha wote. Utapungua, kiasi gani tutaona."

"Wembe?" kinyozi akauliza.

"Wembe bado. Mashine ya kunyolea, sawa. Taratibu."

"Na kidole changu hiki?"

"Hicho kiache kipanguse nywele zake," daktari akasema.

Walipofika mtaani, jua limeshazama, taa ya duka ilikuwa inawaka. Ndani, mume wa mkamwana yuko juu ya ngazi, bisibisi mkononi. Alikuwa amepigiwa simu na jirani aliyemwona mama mkwe kwenye benchi amejifunika mtandio, naye akaona heri kioo kishuke kabla baba hajarudi, asishuhudie. Skrubu za juu zilikuwa zimeshatoka. Mwuza simu ameshika upande wa chini.

"Rudisha hizo skrubu!" kinyozi akanguruma mlangoni. Mwanawe nusura aanguke. "Ni korosho!"

"Korosho?"

"Mbili! Muulize mkeo, ndiye aliyenifunga kamba akaziona! Na wewe bwana simu, asante kwa kushika, endelea kushika mpaka zikaze."

Mwuza simu akashika mpaka zikakaza, na kusema haki, naye alicheka. Mzee Kipara, aliyekuwa amekaa kizingitini akilinda msiba, akainuka, akapita katikati yao wote, akaenda kukaa kwenye kiti. Akajivika shuka shingoni mwenyewe.

"Nianze mimi," akasema. "Wengine hawa wana vya kupoteza."

Kinyozi akaosha mikono. Akachukua mashine, ikalia. Mkono ulitetemeka, vidonge vipya hata havijanunuliwa. Akaubana kwenye mbavu, akaweka kiganja cha kushoto juu ya kile kipara kukishikilia, akapitisha mashine kutoka paji la uso mpaka kisogoni juu ya kichwa kisicho na kitu, kwa makini yote, safu kwa safu, kama anayekata nywele za mfalme. Kipara akageuza shingo kujitazama kiooni.

"Usitikisike!" wakapiga kelele wote kwa pamoja, na sauti ya mkamwana ilikuwa juu kuliko zote. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mwacheni aseme," kinyozi akasema bila kuinua macho. "Huyo ni fundi mwenzangu."

Nyumbani walikula walichokuta. Mama mkwe akasema kesho anapika kunde, hana tena ugomvi nazo. Alilala wa kwanza, katikati ya sentensi. Mzee alifuata, akiwa bado anamweleza mtu ambaye hakuwepo kuhusu kona za uso za yule mgonjwa wa benchini. Mkamwana akapita kuzima taa ya sebuleni, akamwona kwenye kiti chake kirefu, mikono magotini. Usingizini mikono ilikuwa imetulia kabisa, na hata kidole gumba kilikuwa kimemaliza kupangusa. Akamfunika shuka mpaka kidevuni, akaikaza vizuri pembeni, hakuona haya.

Chumbani mumewe alikuwa ameshageukia ukuta. "Uko salama?" akauliza kwa sauti ya mtu ambaye nusu yake imeshaondoka, na kabla ya jibu akaanza kukoroma.

Mkamwana alikuwa amechoka hata ulimi hauinuki. Akaitikia kwa kichwa, gizani, juu ya mto, akalala.